Msimu wa Ndiyo na Hapana

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza leo na kifungo changu kimeanza leo. Wiki iliyopita niliteleza bafuni kwangu, mfupa ukavunjika chini ya goti, na daktari wa mifupa, kijana mwenye sauti ya kubembelezea watoto, akanifunga plasta mpaka pajani na kuniambia nisikae peke yangu hadi nitakapotembea. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni mimi, na guu lililovunjika ni langu, kwa hiyo wahenga nao wana la kunijibu.

Nimeletwa nyumbani kwa mtoto wa kaka yangu. Marehemu kaka alikuwa mtu makini. Sijui kilichomwagika njiani ni nini. Huyu anauza matangi ya maji, na nina hakika ukimgonga kichwa kitaitika vilevile. Humu nitamwita Tangi. Mkewe anakaa mapokezi kwenye zahanati ya meno, anachekea watu kutwa, na tabasamu hilo anarudi nalo nyumbani bila kulivua. Wana mtoto mmoja, msichana wa miaka minane. Wazazi wake wanamwita Profesa. Nilidhani ni utani.

Alhamisi, 5 Machi

Nimewekewa kiti sebuleni kati ya kabati la vyombo na dirisha, mguu juu ya stuli. Choo kiko mbali, rimoti iko mbali, watu wako karibu.

Baada ya chakula cha jioni televisheni ilizimwa. Mke wa Tangi akatoa boksi la kadi kutoka kabatini, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Shangazi, sisi hapa kila jioni tunacheza mchezo wa kuelimisha," akasema. "Familia ikicheza pamoja, akili zinakua pamoja."

Mchezo wenyewe ni huu. Mtoto anavalishwa ukanda wa mpira kichwani, kadi inachomekwa kwenye paji la uso, picha ikitazama nje. Wote wanaiona kasoro yeye. Anauliza maswali mpaka ajue yeye ni nani au nini, nasi tunaruhusiwa kujibu ndiyo au hapana tu. Kadi ya leo ilikuwa ini. Mtoto akauliza kama ni kitu hai, kama kinatembea, kama kiko mwilini, kama viko viwili, kisha akasema ini. Baba na mama wakasimama kupiga makofi.

"Umeona, Shangazi?" Tangi akaniuliza, machozi yakimlengalenga.

Nikamwambia nimeona. Miaka yote niliyofanya kazi dirishani posta sikuwahi kuona watu wazima wakisimama kwa heshima ya ini.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua. Bundi, msumari, figo. Makofi.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Mama amemsomea mtoto kijitabu kilichokuja na boksi, kinachosema kwamba mtoto anayeuliza maswali mazuri atakuwa kiongozi. Nimewafahamu viongozi kadhaa kupitia barua zao. Kuuliza hakukuwa tatizo lao.

Jumatano, 11 Machi

Leo wamekuja wageni, fundi cherehani wa nyumba ya pili na mkewe. Walikuja kurudisha ngazi, wakakalishwa, na kabla chai haijapoa mtoto alikuwa ameshavalishwa ukanda. Alitoka shule amelowa, macho yanafumba yenyewe. Nikasema, kwa upole ambao siutoi kila siku, kwamba mtoto amechoka, tumwache akalale.

Mke wa Tangi akanigeukia na lile tabasamu la fungua-mdomo-haitauma. "Shangazi, michezo ya kisasa inataka mtu aizoee. Enzi zenu watoto walikuwa wanakaririshwa tu, ndiyo maana unaona kama anachoka."

Mke wa fundi akacheka. Fundi naye akacheka, ingawa nina hakika hajaelewa hata sasa. Tangi akaangalia dari, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kumtetea shangazi yake wala kumkemea mkewe, na dari halidai kitu.

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa baridi na haikuwa na sukari. Mtoto akashinda mara tatu, wageni wakaenda zao wamelemewa na sifa za mtoto wa watu. Sijasahau na sitasahau neno lile la enzi zenu.

Jumamosi, 14 Machi

Dari limeanza kuvuja juu ya kochi. Tangi, muuza vyombo vya kuhifadhia maji, ameweka sufuria. Kochi limesogezwa hadi ukutani, viti vimepangwa upya, na kwa mara ya kwanza mtoto amekaa akinipa mgongo na mama yake amekaa mbele yake, uso kwangu. Kwa hiyo leo nimeuona uso wa mama kama mtoto anavyouona kila jioni, na nimecheka peke yangu mpaka Tangi akaniuliza kama mguu unauma.

Kadi ilikuwa papa. Mtoto akaanza, "Anaishi ma..." na kabla neno halijaisha nyusi za mama zikapanda hadi karibu na kilemba. "...jini?" Ndiyo! Baadaye akasema, "Ana mi..." na nyusi zikakunjana. Mtoto akakohoa kidogo, akabadilisha neno katikati ya ulimi: "Ana mapezi?" Nyusi juu, midomo wazi, mama anakaribia kujibu kwa mwili mzima. Mtoto akienda kombo, mama ananuna. Akikaribia jibu, mama anavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga chafya.

Mtoto habahatishi kitu. Anatupa silabi moja kama chambo, anamsoma mama yake, anaimalizia. Naye baba mtu, Tangi letu, anamtazama mtoto muda wote na hajawahi kumtazama mkewe. Wamemfuga msomaji wa nyusi, wanadhani wamezaa mwanafalsafa.

Nilitaka kusema pale pale. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni wa enzi zenu.

Jumanne, 17 Machi

Nilitaka uhakika, na uhakika umekuja wenyewe na mvua. Kadi ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza imechomekwa, picha ya ng'ombe, nimeiona kwa macho yangu kabla mtoto hajakaa, umeme ukakatika. Giza likawa giza la kweli, hata mkono wangu sikuuona. Tangi akaenda kutafuta mshumaa, akajigonga kwenye kabati, akatukana polepole.

"Tuendelee hivihivi," mama akasema. "Gizani inasisimua zaidi. Haya, Profesa wangu."

Mtoto akauliza, "Ni mnyama?" Ndiyo. "Anaishi ma..." Kimya. Nikasikia anasubiri. "Anaishi ma..." akarudia, na sauti ikawa ndogo. "Majini?" Hapana. "Porini?" Hapana. "Ana... ana..." Alikwama hapo kwa ng'ombe, mnyama ambaye maziwa yake alikuwa ameyanywa dakika chache zilizopita. Akasema simba. Akasema kuku. Akasema papa, na hapo nikajua hafikirii tena, anataja tu.

Mshumaa ulipofika alikuwa analia, kadi imekaa upande kichwani.

"Ni hizi radi," mama akasema, akimfuta machozi. "Ameogopa radi."

Hapakuwa na radi. Ilikuwa mvua ya manyunyu tu, ya kimyakimya. Tangi akakubali kwamba ni radi, akasema na yeye mwenyewe ilimshtua.

Alhamisi, 19 Machi

Sasa ndiyo imekuwa tamthilia. Iko shule moja ya sifa, ile ambayo wazazi wakiitaja wanashusha sauti kama wako msibani. Inachukua watoto wachache kila mwaka kwa usaili wa ana kwa ana, na sehemu kubwa ya usaili, mke wa Tangi amesikia kutoka kwa mgonjwa wa jino, ni mchezo wa kubahatisha. Mwalimu anaficha kitu, mtoto anauliza, ndiyo na hapana. Ameshapeleka jina. Usaili ni tarehe saba mwezi ujao.

"Mungu akitaka kukupa haandiki barua," Tangi akasema.

Nimekaa nikiwatazama wakikumbatiana. Naweza kusema neno moja tu, nyusi, na mambo yote yatanyooka: mama atajifunza kufunga uso wake, mtoto atajifunza kuuliza, muda upo. Sitalisema. Waende. Wavuliwe nguo mbele ya watu waliosoma kuliko wao, ndipo watakapojua enzi zetu zilikuwa na nini. Naandika hivi nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba.

Jumapili, 22 Machi

Wazazi walikwenda kumjulia hali mgonjwa. Mtoto akabaki na mimi, akakaa chini karibu na stuli, akichora duara kwenye plasta yangu kwa kidole.

"Bibi," akasema. "Mtu akijua jibu kwa kumwangalia mtu, ni wizi?"

Nilijua anauliza nini. Nilikuwa nasoma gazeti, sikulishusha. Nikamwambia, "Kamuulize mama yako."

"Mama atakasirika?"

"Nimekwambia kamuulize yeye."

Akaacha kuchora. Baada ya muda akaniletea maji ambayo sikuyaomba.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Sufuria mbili sasa.

Jumamosi, 28 Machi

Mazoezi yamekuwa mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya shule, jioni, na baada ya kuoga. Mama ametengeneza kadi mpya kwa mkono wake, za sayari na madini. Mtoto alibahatisha risasi, ile ya madini, kwa maswali manne, na sijui kama anajua risasi ni nini. Leo asubuhi alitapika uji wote. Mama akasema ni minyoo, akampa dawa, akamvalisha ukanda.

Tangi ameshamwambia kila mteja. Leo mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameniamkia nikiwa barazani, akaniuliza, "Shikamoo mama, wewe ndiye bibi yake yule mtoto mwenye akili?" Nikamwambia marahaba, na kwamba akili katika ukoo wetu huruka kizazi. Alidhani najisifu kupitia mlango wa nyuma. Labda.

Usiku huu mtoto amesema tumbo linamuuma tena. Nikafikiri kidogo kuhusu lile neno moja. Kisha mama akapita na kuniuliza, kwa sauti ya juu wanayoongelea na viziwi, kama nimekunywa dawa zangu, na neno likarudi lilikotoka.

Ijumaa, 3 Aprili

Plasta imekatwa. Mguu umetoka mwembamba na mweupe, wa mtu mwingine. Daktari anasema natembea vizuri kwa fimbo na kwamba nisiharakishe kurudi kwangu, njia bado ni tope. Nami siharakishi. Zimebaki siku chache na sitaki kukosa.

Jumanne, 7 Aprili

Naandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu kila mtu humu ndani ameshaanza kuyasimulia vingine.

Shule ilisema familia ije, na mke wa Tangi akasema familia ni pamoja na Shangazi, apige picha mbele ya geti. Kwa hiyo nilikwenda na fimbo yangu na gauni langu la mazishi. Mvua ilikuwa kubwa. Tulijibanza wanne chini ya miavuli miwili na Tangi akalowa bega moja, akatangaza kwamba ni sadaka.

Chumba cha usaili kilikuwa kidogo na kisafi, meza moja na viti viwili vinavyotazamana. Mwalimu alikuwa mzee kidogo, mwenye miwani, mwenye sauti ya kawaida kabisa. Akamkalisha mtoto mbele yake. Sisi akatuonyesha benchi ukutani, nyuma ya mtoto.

"Ili awe huru," akasema.

Nikamwona mke wa Tangi anaketi na kujiweka sawa, bado anatabasamu, hajaelewa. Mtoto ndiye alielewa wa kwanza. Aliangalia benchi lilipo, akaangalia kiti chake kinapotazama, na shingo yake ikakakamaa.

Mwalimu akachomoa kadi, akaitazama, akaifunika. Mimi niliiona juu ya kichwa cha mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ameinama. Ilikuwa picha ya mwavuli. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, na miavuli yetu miwili ilikuwa inachuruzika maji kwenye kona ya chumba kilekile.

"Ni mnyama?" mtoto akauliza.

"Hapana."

"Ni chakula?"

"Hapana. Endelea, mwanangu, unauliza vizuri."

"Ni cha..." Akaishia hapo. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa anaandika. Mtoto akasubiri uso uinuke. Uliinuka, na haukuwa na kitu. "Ni cha..." akasema tena, kisha akageuka kwenye kiti, mwili mzima, akamtafuta mama yake.

Mama akainua nyusi zake zote mbili. Alidhani anamtia moyo.

Mwalimu akamgusa mtoto kidevuni kwa kidole kimoja, akamrudisha mbele taratibu. "Tazama huku kwangu." Mtoto akajaribu swali jingine, silabi mbili, akageuka tena. Akarudishwa tena. Mara ya tatu hakugeuka, alisema tu, kwa adabu, kama alivyofundishwa, "Naomba mama akae hapa mbele."

Mwalimu akavua miwani, akamtazama mtoto, akamtazama mama kwa muda mrefu, na hapo nikaona ameelewa yote. Akafunga faili.

Na mimi nilifurahi. Nitaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona mke wa Tangi amekaa na tabasamu lisilo na pa kwenda, nikasema moyoni, haya, mwambie sasa kuhusu michezo ya kisasa. Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipotoka nje ya mlango.

Mwalimu alizungumza nasi ukumbini. Hakuwa na ukali. "Mtoto wenu hana tatizo," akasema. "Ila amezoea kusoma jibu kwenye uso wa mtu. Kuuliza kwenyewe bado hajajifunza. Mfundisheni polepole, mrudisheni mwakani."

Mke wa Tangi akasema asante mwalimu. Tangi alisimama getini, pale tulipokuwa tupige picha. Akamwinamia mtoto.

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unatudanganya," akasema. "Mbele ya watu wote wale nilikuwa nakusifu, na wewe unatudanganya."

Mtoto akamtazama baba yake usoni, akasoma kilichokuwa pale, akatazama chini. Hakulia. Ningependa angelia.

Anamwita tapeli mtoto aliyekuwa anafanya kazi aliyopewa. Nimemdharau Tangi tangu siku niliyofika, lakini hadi leo ilikuwa dharau ya kujiburudisha. Lile benchi, ule uso wa mtoto getini, ningeweza kuyazuia yote kwa neno moja. Hilo nalo naliandika.

Jumatano, 8 Aprili

Hakuna mchezo. Hakuna aliyemwita mtoto Profesa. Wanamwita "wewe".

Ijumaa, 10 Aprili

Boksi limepandishwa juu ya kabati. Mama sasa akiongea na mtoto anatazama sinki, au mlango, au anakunja nguo. Anaogopa uso wake mwenyewe. Mtoto anamzunguka, anasogea kulia, anasogea kushoto, anamtafuta, kisha anaacha. Chakula cha jioni kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia tone la sufuria kutoka chumba kingine.

Jumamosi, 11 Aprili

Nilikwenda jikoni kwa fimbo kutafuta chumvi, nikamkuta mke wa Tangi amesimama kwenye sinki na maji yanatiririka bure. Alikuwa analia bila sauti. Nilizoea kumwona akitabasamu; akilia anaonekana mtu.

"Shangazi, haki ya Mungu sikujua," akasema. "Sikujua kama uso wangu unasema. Nilidhani ni yeye. Nilikuwa namtazama nafikiri, huyu mtoto atakuwa mtu kuliko mimi."

Nikamwambia yamepita.

"Hayajapita. Baba yake anamwita mwongo. Mwenyewe mtoto ameniuliza jana kama yeye ni mjinga." Akafunga bomba. "Wewe ulikuwa umekaa pale kila jioni, Shangazi. Hukuona chochote?"

"Sikuona kitu," nikasema. "Mimi na macho yangu haya."

Akaitikia. Akasema ndiyo, na miwani yako ya zamani, tutakutafutia nyingine. Nilipogeuka mtoto alikuwa mlangoni. Hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua imepumzika tangu asubuhi. Kesho narudi kwangu, Tangi amepata gari la mteja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikisubiri chakula, mtoto akaja akasimama mbele yangu.

"Bibi, tucheze."

"Boksi liko juu ya kabati."

"Bila boksi. Wewe fikiria kitu, mimi niulize."

Nilitaka kumwambia aende akacheze nje. Nikasema haya.

"Ni mtu?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa nimefikiria kitu, nilitaka tumalize.

"Yuko humu ndani?"

"Ndiyo."

"Ni wewe."

Nikasema haya, ni mimi, umeshinda. Hakuondoka. Aliweka mikono nyuma, kama wanavyosimama wakiitwa kujieleza darasani.

"Jana ulimwambia mama hukuona," akasema. "Uliona?"

Nimekaa dirishani posta miaka mingi nikiwanyima watu uso wangu, na uso huo niliutandaza mbele yake bila mkunjo. Akautazama kwa muda, akatikisa kichwa kukubali.

"Uliona siku umeme ulipokatika," akasema, na akasubiri. "Hapana. Kabla. Siku tulipohamisha viti. Ulikuwa unacheka."

"Kaa chini," nikamwambia.

Hakukaa. "Kwa nini hukusema?"

"Hilo si swali la ndiyo wala hapana."

"Najua."

Ningeweza kumdanganya mtu mzima. Mtoto huyu amefundishwa jambo moja tu maishani na amelijua vizuri, na nilijua nikidanganya ataona na kesho nitaondoka akiwa ameona. Nikamwambia, "Nilitaka mama yako na baba yako waaibike. Walinicheka mbele ya wageni."

"Na mimi?"

"Wewe sikukufikiria."

Akalitafakari hilo. Hakulia wala hakununa. Alilipokea kama majibu mengine, moja kati ya mengi. Kisha akauliza, "Utamwambia mama?"

Nikafungua mdomo kusema tutaona. Neno halijatoka akawa ameshasoma jibu, na jibu lilikuwa hapana.

"Sawa, Bibi," akasema, akageuka kuondoka.

Nimedharauliwa na wakubwa wa kazi, na wateja, na marehemu mume wangu siku zake mbaya. Hakuna aliyeniambia sawa namna hiyo. Nikamwita mke wa Tangi. Akaja kutoka jikoni akijifuta mikono, akafikiri nataka kwenda chooni.

"Niliona," nikasema. "Nyusi zako. Niliona tangu siku dari lilipoanza kuvuja, na siku ya giza nikahakikisha. Nilinyamaza kwa makusudi. Mtoto aliniuliza kama ni wizi, nikamwambia akuulize wewe. Huyu si mwongo, na mwambie mumewe... mwambie mumeo kwamba mimi ndiye nimesema."

Mtoto alikuwa amesimama kati yetu, akimtazama mama yake usoni, na safari hii mama hakukumbuka kugeukia sinki.

Uso ule haujui kuficha kitu. Kwanza ulikuwa hauelewi. Kisha ukaelewa. Kisha ukanitazama, mimi na fimbo yangu, kutoka kichwani hadi kwenye mguu mwembamba, na kilichokaa pale kilikuwa dharau, tupu, isiyo na hasira hata kidogo. Naijua vizuri. Nimekuwa nikiwatazama nayo tangu mvua zianze.

"Asante kwa kutuambia, Shangazi," akasema. "Nguo zako nimeshazipanga kwenye begi."

Akamshika mtoto mkono, wakaenda jikoni kula. Mlango hawakuufunga. Nikawasikia wanavuta viti, nikamsikia mama anamuuliza mtoto anataka nini, akimwita kwa jina lake, na mtoto anajibu kwa sentensi nzima. Mimi hawakuniita.